Jioni Kiwanjani, Asubuhi Testi

*Wanamichezo wa vyuo wanauliza, mwalimu wa michezo anajibu.*

Baba anasema mpira utanifanya nidisko. Ni kweli?
Mazoezi ya saa mbili jioni hayajamdiskosha mtu. Saa hizo wenzako wengi wako kijiweni au kwenye simu. Kinachoangusha ni safari. Mashindano ya vyuo yanaweza kula wiki nzima, na testi inafanyika wewe ukiwa kwenye basi. Alama za kozi mara nyingi ni 40 kati ya 100. Ukikosa testi mbili, mtihani wa mwisho utakuokoa kwa shida. Kwa hiyo ratiba ya mashindano ikitoka tu, ilinganishe na ya testi, kisha uende kwa mhadhiri na barua ya ofisi ya michezo. Nenda kabla ya safari. Barua inayoletwa baada ya testi husomwa kama kisingizio, hata iwe na mhuri.

Saa ngapi za mazoezi zinatosha?
NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinaweka ukomo wa saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Anayesoma udaktari au uhandisi, na maabara zake za alasiri, ningempa nusu ya hizo.

Nikitoka mazoezini nafungua desa, haliingii.
Halitaingia. Mwili umechoka na tumbo ni tupu. Soma lile gumu kabla ya mazoezi. Usiku pitia tu, kisha ulale. Ubongo huimarisha ulichojifunza ukiwa usingizini, na mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Anayekesha hupoteza somo na mechi pia.

Mbona Boit na Nyambui waliweza?
Mike Boit wa Kenya alipata shaba ya mita 800 Munich 1972, akasoma Marekani, baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Suleiman Nyambui wa Tanzania alitwaa fedha ya mita 5,000 Moscow 1980 akiwa mwanafunzi El Paso, Texas. Lakini huko chuo humwekea mkimbiaji kocha na ufadhili. Wewe unasubiri bumu na unajipikia. Usijipime nao.

Nina sapu mbili. Niache?
Acha mashindano semista hii, mazoezi baki nayo mara mbili kwa wiki. Kocha atanuna. Akimpa mwingine namba yako, utaigombania semista ijayo.