KIMYA CHA KIUNGANI NA AMANI YA MAJIRANI

Somo la kusomwa nyumbani na kuzungumzwa pamoja



Watu wengi wa miji yetu, wakiisha kuweka akiba kidogo, huwa na tamaa moja: kutoka katikati ya mji penye kelele na vumbi, wakajenge kiungani mahali palipo kimya. Tamaa hiyo si mbaya. Walakini kukaa kiungani kuna elimu yake, kama vile kulima na kufuga kulivyo na elimu yake, na asiyejifunza hupata hasara. Neno kuu la somo hili ni fupi: kimya na amani ni vitu viwili. Kimya huja pamoja na kiwanja. Amani sharti ijengwe na majirani wenyewe. Mji wa Dar es Salaam na utuwekee mfano.

1. Maana ya kiunga

Neno hili ni la kale katika pwani yetu. Kiunga ni mahali pa kando ya mji penye bustani na miti ya matunda, si mjini hasa wala si mbali na mji. Huko Unguja palikuwa na mahali nje ya mji paitwapo Kiungani, ambapo wamisionari wa UMCA walikuwa na chuo chao. Basi tangu zamani watu walijua faida ya kukaa kando kidogo: upepo ni mzuri, kivuli kipo, na soko si mbali.

2. Jinsi viunga vya Dar es Salaam vilivyotokea

Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Katika siku za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, sheria za ujenzi ziliugawa mji mafungu matatu, nao watu wakayaita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni, kama vile Oysterbay, viwanja vilikuwa vikubwa, na kila nyumba ilisimama peke yake katikati ya bustani yake. Uswahilini, kama vile Kariakoo na Ilala, nyumba zilikaribiana hata mtu aliweza kumwomba jirani chumvi bila kupaza sauti.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 mafungu hayo hayakutengwa tena kwa rangi za watu, bali kwa mali zao. Ndipo katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipopima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikatengeneza barabara na kuleta maji, ili wananchi wajenge nyumba wenyewe. Tangu hapo mji umezidi kusogea, ukafika Mbezi, Tegeta na ng'ambo ya Kigamboni. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha ya kuwa mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541; ile ya mwaka 2022 ilionyesha 5,383,728. Yaani kwa miaka kumi waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, nao wote wahitaji mahali pa kulala. Kwa sababu hiyo kiunga cha jana huwa mji wa leo. Sinza, iliyopimwa iwe mahali pa makazi, sasa imejaa maduka na baa. Aliyehamia huko kwa kutafuta kimya tu, hicho kimya kimekwisha kumtoroka.

3. Faida ya kimya

Tusikidharau kimya. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti ya kudumu katika chumba cha kulala usiku isizidi desibeli 30, kiasi cha mtu anong'onaye. Kwa maana usingizi ukivunjwa kila usiku mwili hudhoofika. Mtoto ajifunzaye, mgonjwa, mama aliyejifungua, na mtu wa zamu ya usiku alalaye mchana, wote hawa wana haki ya kupata utulivu. Mtu aombaye kimya asichekwe wala asiambiwe kwamba ana maringo.

4. Kitu kilichoachwa nyuma

Hata hivyo, mtu akihamia kiungani huacha nyuma kitu ambacho hakukihesabu. Itazameni nyumba ya Kiswahili ilivyo. Katikati ina ukumbi mrefu, vyumba viko pande mbili, nyuma kuna ua, na mbele kuna baraza. Baraza hilo ni la mwenye nyumba, lakini macho yake ni ya njiani. Mzee aketiye pale huwaona wapitao, nao humwamkia. Asipoonekana siku mbili, watu huuliza: Mzee yu wapi? Hakuna aliyetunga sheria ya kumlinda mzee huyo. Nyumba yenyewe kwa namna ilivyojengwa iliifanya kazi hiyo.

Nyumba ya kiungani haina baraza la namna hii. Ina ukuta, ina geti, na motokaa huingia na kutoka bila mwenyewe kukanyaga njia. Jirani huijua rangi ya motokaa miaka mingi kabla ya kulijua jina la mwenye motokaa. Hatusemi kwamba ukuta ni uovu, kwani wezi wapo. Lakini ukuta haujui kupambanua: humzuia mwizi, humzuia na jirani. Moto ukishika usiku wa manane, awezaye kufika kwanza ni mtu wa nyumba ya pili. Je, akikuta geti limefungwa, wala hajui ufunguo uko wapi, wala hajui ndani mna watu wangapi na watoto walala chumba gani, atafanya nini? Wahenga walisema kweli: fimbo ya mbali haiui nyoka.

5. Watu wasioonekana

Jambo hili ni zito kuliko yote ya somo letu. Nyuma ya kuta za viunga wapo watu ambao kimya hakiwafai. Yupo bibi mzee ambaye watoto wake wako Ulaya au Marekani. Humtumia fedha kila mwezi, lakini fedha haziwezi kumwinua akianguka bafuni. Yupo mlinzi alalaye kibandani, ambaye wenye nyumba humwita kwa jina la kazi yake tu. Tena yupo binti wa kazi aliyetolewa kijijini, asiyemjua mtu hata mmoja mjini isipokuwa wale anaowapikia.

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini sheria haina macho. Uswahilini binti akipigwa, ua mzima husikia, na wanawake huingia kuamua. Kiungani kilio huishia ukutani, na watu wa nje husema, Mtaa wetu una amani. Basi kimya chaweza kuwa pazia la dhuluma, na jirani asiyetaka kujua asaidia kulishika pazia hilo. Ajuaye ya kuwa mtoto ateswa asikae tu. Upo msaada wa simu kwa ajili ya watoto, nambari 116, na serikali ya mtaa ipo.

6. Mambo yafaayo kutendwa

Kwanza, uhamiapo piga hodi katika nyumba nne: ya kulia, ya kushoto, ya mbele na ya nyuma. Jitambulishe, uache nambari yako ya simu. Usingoje msiba ukujulishe kwa majirani.

Pili, mjue mwenyekiti wa mtaa wako, ambaye huchaguliwa kila miaka mitano. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, balozi ni mtu wa chama, na mambo ya mtaa ni ya serikali ya mtaa. Walakini hesabu ile ya kumi yafaa hata leo: mtu aweza kuwajua vyema watu wa nyumba kumi.

Tatu, ingieni katika chama cha kufa na kuzikana. Turubai na viti vyaweza kukodiwa, lakini watu wa kukesha na mfiwa hawakodiwi.

Nne, ukiwa na harusi au ngoma, waambie majirani mapema, ukawatajie na saa ya kuzima vipaza sauti. Nawe uliyesumbuliwa, nenda mwenyewe mchana kwa upole kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Usiende saa ile ya hasira.

Tano, andika mahali paonekanapo nambari 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, tena mtu mmoja wa karibu ajue ufunguo wa pili ulipo.

Labda mtu atasema: Mimi nilihamia huku ili nisiingiliwe katika mambo yangu. Jibu letu ni hili: udaku na ujirani havifanani. Mdaku atafuta kujua unakula nini na umegombana na nani. Jirani mwema hana haja na siri zako. Haja yake ni kujua kama umeamka salama. Mwenye kumfungia mdaku hafanyi vibaya, lakini aangalie asiwe amemfungia na huyu wa pili.

Maswali ya kuzungumza

1. Taja majina ya watu wa nyumba nne zinazokuzunguka. Ni mangapi unayoyajua?
2. Katika mtaa wenu ni mahali gani pafanyapo kazi ya baraza? Kama hapapo, pawezaje kupatikana?
3. Ni nani katika mtaa wenu ambaye akikosekana siku mbili hakuna atakayeuliza? Nani wa kwenu atamwendea juma hili?