Kichujio cha Lenzi: Kabla ya Kulipa na Baada ya Kukifunga

Anayenunua kamera kwa mara ya kwanza huenda akaambiwa dukani kuwa bila kichujio lenzi yake itaharibika. Hulipa bila kuuliza, akarudi nyumbani na kioo asichokijua kazi yake. Katika somo hili tunaeleza aina tatu za vichujio ambazo mnunuzi hukutana nazo mara nyingi, namna ya kuvikagua kabla ya kulipa, na kosa moja ambalo gharama yake ni macho.

Anza na kipimo

Kichujio hufungwa kwa hesi mbele ya lenzi, hivyo kipenyo chake hakina budi kulingana na cha lenzi. Tafuta alama ø kwenye ukingo wa lenzi au ndani ya kifuniko chake. Tarakimu iliyo kando yake, kwa mfano 52, 58, 67 au 77, ndiyo kipenyo kwa milimita. Usiichanganye na maandishi kama 18–55 mm, ambayo hueleza uwezo wa lenzi kupanua au kuvuta karibu taswira.

Mwenye lenzi kadhaa anunue kichujio cha lenzi iliyo pana kuliko zote, kisha atumie pete za kuunganishia kwa zilizo nyembamba. Asifanye kinyume chake, kwani kichujio kidogo kwenye lenzi pana huweza kutia giza kwenye pembe za picha.

Kichujio cha UV

Enzi za filamu, miale ya urujuanimno ilisababisha ukungu wa kibuluu katika picha za milimani na baharini, na kichujio hiki kiliupunguza. Kamera za dijitali huwa na tabaka la kuzuia miale hiyo mbele ya kitambuzi chake cha mwanga, kwa hiyo faida iliyobaki ni kukinga lenzi dhidi ya vumbi, mchanga na chumvi ya bahari. Kwa mkaazi wa pwani, faida hiyo si ndogo. Hata hivyo, kioo duni huongeza mng'ao usiotakiwa, hasa usiku penye taa. Kwa hiyo, muuzaji akisema kichujio hiki kitaboresha picha zako, usikubali upesi. Kinga nyingine nzuri ni kivuli cha lenzi, ambacho pia huzuia mwanga wa pembeni.

Kichujio cha polaraizi

Hiki huandikwa CPL au PL-CIR. Hupunguza mwakisiko wa maji, vioo na majani, na huikoleza rangi ya anga. Hakiondoi mng'ao wa chuma kitupu. Athari yake haiwezi kuigwa kikamilifu na programu ya kompyuta, na kwa sababu hiyo tunakiona kuwa kichujio cha kwanza kinachostahili fedha za mnunuzi wa kawaida.

Kikague dukani hivi: kishike upande wa hesi ukielekea jichoni, utazame kioo cha kikokotoo kupitia kwake, kisha uzungushe pete ya mbele. Kioo kinapaswa kuwa cheusi katika mkao mmoja na kurudi katika hali yake katika mwingine. Kisipobadilika, ulichopewa si polaraizi.

Katika matumizi, anga hukolea zaidi upande ulio pembe ya digrii 90 na jua. Saa mbili asubuhi, jua likiwa mashariki, elekeza kamera kaskazini au kusini. Kumbuka pia kuwa kichujio hiki hupunguza mwanga kwa nusu hadi robo tatu, basi kivue uingiapo ndani ya nyumba.

Kichujio cha kijivu (ND)

Hiki hupunguza mwanga bila kubadili rangi, ili mlango wa kamera ukae wazi muda mrefu zaidi na maji ya maporomoko yaonekane kama hariri. ND8 hupitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, na ND1000 takriban moja ya elfu. Picha iliyohitaji 1/125 ya sekunde itahitaji sekunde 8 kwa ND1000, na kamera haina budi kuwekwa juu ya miguu mitatu. Baadhi ya watengenezaji huandika 0.9 badala ya ND8, na 3.0 badala ya ND1000. Ni kitu kilekile. Usilipe zaidi kwa sababu ya maandishi. Ili kupima ubora, piga picha ya karatasi nyeupe kwanza bila kichujio, kisha nacho. Karatasi ikigeuka kahawia au zambarau, kirudishe.

Jua halina mzaha

Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa jua kwa umbo la pete kulionekana Rujewa, mkoani Mbeya. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena: kikamilifu katika nchi kama Misri na Saudi Arabia, na kwa sehemu tu nchini Kenya. Usitazame jua kupitia kitundu cha kamera kwa kutumia kichujio cha ND au polaraizi, hata ukiviweka viwili pamoja. Huweza kupitisha miale ya infraredi isiyoonekana, na retina huungua bila maumivu ya kumwonya mtu.

Tumia kichujio maalumu cha jua, kikifungwa mbele ya lenzi. Miwani ya kutazamia jua yenye alama ya ISO 12312-2 ni kwa macho matupu pekee. Ukiivaa huku ukitazama kupitia kamera au darubini, jua lililokusanywa na lenzi litaiunguza, na jicho pia.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Je, kipenyo kinalingana na alama ø ya lenzi yangu?
2. Ni tatizo gani la picha zangu ambalo kichujio hiki kitalitatua?
3. Je, kioo hakina mikwaruzo wala mapovu, na pete inazunguka bila kukwama?
4. Je, risiti inataja aina, kipenyo na bei, na muuzaji ameandika masharti ya kurudisha?

Ukikosa jibu la swali la pili, fedha zako na zibaki mfukoni kwa leo.