Sauti Imepungua: Anzia Kwenye Maiki, Usikimbilie Amplifaya

Mzee aliyeketi nyuma ananyoosha mkono: hasikii. Kijana wa mitambo anainuka, anakwenda kwenye kabati la amplifaya na kuzungusha kila nobu hadi mwisho. Sauti inapanda kidogo, lakini mvumo na mluzi vinapanda nayo, na mhubiri inambidi anyamaze mpaka vitulie. Nimeliona hilo makanisani, misikitini na kwenye kumbi za harusi kwa miaka mingi, na kila mara huniuma. Mitambo ile ilifungwa na fundi aliyeipima, na siku alipoikabidhi ilisikika hadi mlangoni. Kuna kitu kimebadilika tangu siku ile, na kazi yako ni kukitafuta hicho.

Kabla hujagusa chochote, uliza maswali mawili. La kwanza: imeanza lini? Sauti iliyoshuka ghafla mara nyingi ni kitufe kilichobonyezwa, waya uliolegea au mpangilio uliochezewa wakati wa kufanya usafi. Iliyofifia taratibu kwa miezi ni vumbi, kutu kwenye viungio, au spika zinazokufa moja baada ya nyingine bila mtu kugundua. Na kama haijawahi kutosha tangu siku ya kwanza, usihangaike nayo: mwite aliyeifunga, kwa sababu hesabu yake haikukaa sawa. La pili: ni vyanzo vyote au kimoja? Maiki ya mhubiri ikiwa chini huku kinanda kinasikika vizuri, basi amplifaya na spika ni nzima. Usizifungue. Swali hili peke yake hukupunguzia nusu ya kazi.

Sasa ifuate sauti kama inavyosafiri, kuanzia mdomoni. Msemaji anayeshika maiki kifuani hawezi kusaidiwa na mtambo wowote. Umbali kati ya mdomo na maiki ukipungua kwa nusu, sauti hupanda kama desibeli 6. Linganisha na amplifaya: ukinunua yenye nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Ndiyo maana huwaomba viongozi wa ibada wawafundishe wasemaji kushika maiki kabla ya kuitisha mchango wa kununua amplifaya.

Kutoka kwenye maiki sauti huingia kwenye mixa, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno, sehemu chache za elfu za volti. Nobu ya gaini, iliyo juu kabisa ya chaneli, ndiyo inayoupandisha hadi kiwango cha kufanyia kazi. Feda ya chini inagawa tu kilichokwisha pandishwa. Wengi huiacha gaini chini, wakasukuma feda hadi juu, kisha wakaongeza na kwenye amplifaya. Matokeo yake ni sauti hafifu iliyojaa mchakacho, kwa sababu kila hatua ya mbele imekuza na uchafu wa hatua ya nyuma.

Fanya hivi: shusha feda, mwambie msemaji azungumze kwa nguvu atakayotumia kweli, si "moja mbili, moja mbili" ya kunong'ona. Bonyeza kitufe cha kusikiliza chaneli hiyo peke yake, kile kilichoandikwa PFL au SOLO, uangalie mita. Kwenye mixa ya analogia, pandisha gaini hadi taa zicheze karibu na sifuri. Kwenye ya dijitali, karibu na hasi 18, na anapopaza sauti isifike juu. Ndipo urudishe feda taratibu hadi kwenye alama ya sifuri. Tazama pia kitufe cha PAD jirani na gaini. Kikibonyezwa hukata desibeli 20, yaani volti inabaki moja ya kumi. Nimewahi kuitwa kwenye kanisa lililokuwa limeshanunua amplifaya ya pili. Tatizo lilikuwa kitufe hicho, kilichobonyezwa na kitambaa cha kufutia vumbi.

Kwa maiki zisizo na waya, geuza kipokezi uone nyuma yake. Vingi vina swichi ya kuchagua kiwango cha maiki au cha laini, na ikiwa upande usiolingana na chaneli, sauti itakuwa hafifu au itapasuka. Betri dhaifu usiishutumu haraka: kwa kawaida hukatakata sauti, haiipunguzi. Na waya wa maiki uliokatika uzi mmoja ndani huendelea kupitisha sauti, ila inakuwa ndogo na iliyokonda. Badilisha na waya unaojua ni mzima. Ni jaribio la dakika moja, na ndilo ninaloanza nalo kila mahali.

Kuna kisa cha simu ambacho huwashangaza watu. Bibi harusi anaingia, wimbo unapigwa kutoka kwenye simu, ala zinasikika lakini mwimbaji ametoweka. Simu si mbovu. Waya wa stereo umechomekwa kwenye tundu moja la mono la mixa, na tundu hilo hukuza tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sauti ya mwimbaji, iliyo sawa pande zote mbili, inafutika. Tumia waya unaogawanyika kuwa jeki mbili, uingize chaneli mbili.

Kati ya mixa na amplifaya, mitambo mingi ina prosesa yenye kizuizi kilichowekwa na fundi ili spika zisiungue. Usikiguse, hata kama unajua namna ya kukifungua. Kwenye amplifaya yenyewe angalia mambo machache tu: nobu ziko pale fundi alipozitia alama, taa ya ulinzi haiwaki, na matundu ya feni hayajazibwa na vumbi, maana inayopata joto hujipunguza yenyewe. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, amplifaya ya transfoma ya kawaida hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Hata hivyo sikioni hilo ni pungufu dogo, kwa hiyo usiusingizie umeme kwa kila kitu.

Honi za misikitini zina habari yao. Hizi hufungwa kwenye laini ya volti 100, kila honi na transfoma yake yenye sehemu za kuchagua wati, tuseme 30, 15 au 7.5. Aliyeihamisha kutoka 30 hadi 15 ameipunguzia desibeli 3. Jumla ya wati za honi zote isizidi uwezo wa amplifaya, na ni vizuri ibaki akiba ya moja ya tano. Hatari kubwa ni honi mpya ya ohmu 8 kufungwa moja kwa moja kwenye laini hiyo bila transfoma. Honi hiyo moja huidai amplifaya wati 1,250, na honi zote zilizobaki hunywea kwa pamoja. Kwa hiyo zote zikishuka siku moja, uliza kwanza ni ipi iliyobadilishwa juzi. Zima amplifaya kabla ya kugusa nyaya hizo. Volti 100 si za kuchezea.

Mwisho, simama katikati ya spika mbili na umwambie mwenzako achomoe moja. Besi ikiongezeka badala ya kupungua, waya chanya na hasi zimegeuzwa kwenye mojawapo, na spika zako zimekuwa zikifutana. Kisha sogeza sikio karibu na kila spika, moja baada ya nyingine. Isiyotoa sauti nyembamba za juu imeungua twita, na hiyo ndiyo inayofanya maneno yasieleweke hata sauti ikiwa kubwa.

Kama leo mitambo yenu inasikika vizuri, usitoke ukumbini kabla hujapiga picha kwa simu: mixa nzima, nobu za amplifaya, nyuma ya vipokezi na jinsi nyaya zilivyochomekwa. Zibandike picha hizo ndani ya mlango wa kabati, na umwombe fundi aandike chini yake wati alizochagua kwenye kila spika.