Kutembelea shamba la jirani

Kolwezi, mji mkuu wa Jimbo la Lualaba, unajulikana duniani kwa shaba na kobalti. Hata neno Mashamba, hapa, ni jina la migodi miwili. Lakini pembezoni mwa mji yako mashamba ya kweli, madogo, yanayolimwa na vikundi vya akina mama, parokia na mashirika yasiyotafuta faida. Kwa mfano, tangu 2013 Masista wa Bon Pasteur wamesaidia familia zilizotegemea machimbo kupata riziki nyingine, kilimo kikiwamo.

Kwa nini jambo hili ni la amani?

Mwaka 1992 na 1993, Wakasai wengi walifukuzwa Katanga, na Kolwezi pia. Watu walirundikana kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengine walifia hapo. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Tena sehemu kubwa ya unga wa bukari hutoka Zambia. Bei inapopanda, kama ilivyotokea 2023, ni rahisi kumlaumu jirani aliyetoka mbali. Shamba la pamoja haliondoi uchungu huo wote. Hata hivyo, linawapa watu kazi moja na sababu ya kuonana kila wiki.

Nini huliwa lini?

- Mvua inapoanza, Oktoba na Novemba: maembe, na majani machanga ya lengalenga.
- Katikati ya mvua: uyoga, maboga na, kuanzia Februari, mahindi mabichi ya kuchoma.
- Mvua inapokwisha: kalanga na maharage.
- Kiangazi, Mei hadi Septemba: nyanya, kabichi na vitunguu vinavyomwagiliwa kando ya vijito.
- Muhogo huvumilia majira yote. Majani yake Mkatanga huyaita sombe na Mkasai huyaita matamba, lakini mboga ni ile ile.

Mkienda kutembelea

1. Ombeni ruhusa mapema kwa kiongozi wa kikundi. Msifike mikono mitupu. Chumvi au mafuta ya kupikia yanatosha.
2. Nendeni mkiwa mchanganyiko: wenyeji na wageni, wazee na vijana.
3. Fanyeni kazi kidogo kwanza, hata kupalilia mstari mmoja. Kisha pikeni na kuleni pamoja.
4. Nunueni mazao kwa bei ya haki. Msiombe bure kwa sababu ni shamba la msaada.
5. Ulizeni maji yanatoka wapi. Karibu na migodi, udongo na maji vinaweza kuwa na madini yanayodhuru. Kuosha mboga vizuri huondoa vumbi, lakini hakuondoi kile ambacho mmea umekwisha kunyonya. Kwa hiyo ni muhimu kuchagua mahali pa kulima.
6. Ulizeni pia kuhusu hati. Kwa sheria ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Kikundi kisicho na karatasi kinaweza kupoteza shamba mgodi unapopanuka.

Maswali ya kujadiliana

- Katika mtaa wetu, nani hajawahi kula nyumbani mwa nani? Kwa nini?
- Unga ukipanda bei, tunamlaumu nani? Je, lawama hiyo ni ya kweli?
- Ni shamba gani tunaloweza kutembelea kabla mvua haijaisha, na nani atakwenda kuomba ruhusa?