ALIYEMSEMEA ASKOFU WETU: SOMO KWA WANAOKWENDA HIJA UGANDA

Kila inapokaribia tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki wa huku mlimani hukodi mabasi kwenda Namugongo. Mara nyingi viti hubaki, na jirani akaalikwa. Je, Mkristo wa Kanisa letu Anglikana akialikwa, aende? Katika nyumba nyingi za hapa Njoro mume ni wa kwetu, mama mkwe yuko Kibosho na rozari yake, na shemeji ni Mlutheri. Neno moja kali juu ya hija laweza kuharibu chakula cha Jumapili kwa mwaka mzima. Basi tusome kwanza Luka 9:49–50 na Waebrania 12:1, ndipo tuendelee.

Habari yenyewe inaanzia karibu nasi. James Hannington aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1884, akafika Mombasa Januari 1885. Machi mwaka huo alipanda mpaka Uchagani, akafika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Mwaka huo huo wamisionari wa C.M.S. walianza kazi hapa. (Kazi hiyo haikudumu. Mangi Meli alipowashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, Wajerumani waliwashuku wamisionari Waingereza, nao wakaondoka. Walutheri wa Leipzig wakaja 1893. Ndiyo sababu sisi Waanglikana tu wachache mlimani.)

Julai 1885 Askofu Hannington aliondoka Rabai kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini. Njia ilikuwa fupi, lakini Waganda waliamini ya kuwa watakaoiteka nchi yao watatokea mashariki, kupitia Busoga. Tena habari za Wajerumani kujitwalia nchi yetu zilikuwa zimekwisha kufika masikioni mwa Kabaka Mwanga. Askofu alikamatwa Busoga, akauawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Nani alithubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosa? Alikuwa Mkatoliki, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana waliohudumu ikulu. Mapadre Weupe walipoondoka Buganda tangu 1882 hata 1885, yeye na walei wenzake ndio waliolishika kundi na kufundisha. Alimwambia Kabaka wazi kwamba haikuwa haki kumwua mgeni yule bila kumsikiliza. Zaidi ya hayo alikuwa akiwakinga vijana wa ikulu wasichukuliwe kwa uchafu ambao Kabaka aliwataka. Kwa hiyo tarehe 15 Novemba 1885, siku 17 tu baada ya kifo cha Askofu, alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto huko Nakivubo. Kabla ya kufa alituma neno kwamba amemsamehe Mwanga, ila atubu.

Tuliangalie vema jambo hili. Siku zile Padre Lourdel na Mackay wa C.M.S. walikuwa wamebishana hata mbele ya Kabaka Mutesa, watu wote wakisikia, na twaona haya kulisema. Yosefu Mukasa angeweza kunyamaza na kusema, hilo ni la Waprotestanti, wajililie wenyewe. Hakunyamaza. Askofu aliyekuwa amekanyaga udongo huu wa Moshi alitetewa na mtu ambaye hakuwa wa kundi lake, na mtu huyo akalipa kwa kichwa chake.

Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akawa kiongozi wa vijana mahali pa Yosefu. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, yeye alichomwa Namugongo, na wenzake wakachomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wakatoliki huwahesabu mashahidi wao kuwa 22, na sisi wetu 23. Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, hakuwasahau wale wa Kianglikana. Mwaka 1969 alifika Namugongo, akazuru na mahali petu. Papa Fransisko alifanya vivyo hivyo mwaka 2015.

Anayefika Kampala akitafuta Nakivubo asitazamie mahali pa kimya. Pana soko kubwa, Owino, ambalo sasa limepewa jina la Mtakatifu Balikuddembe, limejaa mitumba na makelele. Wafanyabiashara wetu wa Memorial watajiona wako nyumbani. Namugongo ni tofauti. Basilika iliyowekwa wakfu mwaka 1975 imejengwa kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiganda, yenye nguzo 22, na altare iko mahali alipochomwa Lwanga. Karibu yake pana ziwa dogo ambako mahujaji huteka maji. Mahali petu Waanglikana si mbali, na waendao wasiache kupafikia.

Lakini tukiwa huko tufanyeje? Ibara ya 22 katika zile Ibara 39 za Dini yakataa kuwaomba watakatifu na kuabudu masalia. Sisi twamshukuru Mungu kwa ajili ya watumishi wake waliotangulia, tena twaomba tufuate mfano wao, na hilo Kitabu chetu cha Sala chatufundisha. Basi wenzetu wakiimba litania, tusimame kwa adabu, kila mmoja na sala yake. Maji tunywe tukiwa na kiu. Dawa tuitafute hospitali. Kwenye Misa tusiende kupokea Komunyo, kwa kuwa kanuni yao hairuhusu, na mgeni hajipakulii. Wala tusicheke rozari ya mtu.

Neno la mwisho ni la safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe. Tena barabara ya kutoka Busia kwenda Kampala yapita Iganga, na kusini yake, katika wilaya ya Mayuge, ndiko Kyando, alikouawa Askofu Hannington. Ni vema tuwaombe viongozi wa hija mapema, kabla nauli hazijapangwa, basi likate kona hadi huko wakati wa kurudi, na sisi tuchange mafuta ya ziada.