Mbona Salio la Kasino Linaisha na Ulikuwa Unashinda?

Kuna swali ambalo wateja hutuuliza wakiwa wamekasirika, na tunawaelewa: "Nimeshinda raundi nyingi, mbona akaunti imebaki sufuri? Si nimeibiwa?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Mchezo umefanya kazi vile ulivyoundwa. Kila mchezo wa kasino, uwe wa mezani au wa simu, una fungu la mwenye kasino lililowekwa ndani ya hesabu yake kabla wewe hujagusa kitufe. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuanze na ruleti kwa sababu pale kila kitu kiko wazi.

Unashinda, na bado unapoteza

Gurudumu la ruleti ya Ulaya lina namba 37: kuanzia 1 hadi 36, pamoja na sufuri. Ukiweka bob 100 kwenye namba moja na ikatokea, unalipwa 3,500 na ile 100 yako inarudi. Jumla ni 3,600.

Sasa hebu weka bob 100 kwenye kila namba, zote 37. Umetoa 3,700. Lazima namba moja itokee, kwa hivyo lazima ushinde. Unapewa 3,600. Umeshinda kwa uhakika, na umetoka na hasara ya bob 100.

Hiyo 100 kwa 3,700 ni asilimia 2.7. Hilo ndilo fungu la kasino. Hakuna aliyechezea gurudumu. Wanakulipa tu kana kwamba namba ni 36, na ziko 37. Ruleti ya Marekani ina sufuri mbili, malipo ni yale yale, na fungu linapanda hadi asilimia 5.26.

Mchezo wa ndege

Wengi wetu hapa Kenya hatuchezi ruleti, tunajua ndege inayopaa huku namba ikipanda, na unatakiwa utoe pesa kabla haijapotea. Watengenezaji wa Aviator wanataja marejesho ya asilimia 97. Maana yake ni kwamba, wachezaji wote wakijumlishwa kwa muda mrefu, kila bob 100 zinazowekwa hurudi 97. Tatu zinabaki.

Watu hutuambia wana mbinu. "Mimi hutoa mapema, kwa 1.10, sipotezi." Tupige hesabu. Kwa marejesho ya 97, ndege hufika 1.10 takriban mara 882 katika raundi 1,000. Ukiweka bob 100 kila raundi umecheza 100,000. Zile raundi 882 zinakulipa 110 kila moja, jumla 97,020. Zile 118 zimeliwa. Umeshinda raundi karibu tisa katika kila kumi na bado umepoteza karibu 3,000.

Ukisubiri 2.00? Inafika kama mara 485, unapata 97,000. Ukisubiri 10.00? Mara 97, unapata 97,000. Popote utakapotoa, unarudi pale pale. Tofauti ni moja tu: ukitoa mapema unaliwa polepole, ukingoja sana unapanda na kuanguka kwa kishindo.

Na kwa sababu tunashughulika na pesa zenu, tuseme hili waziwazi. Namba ambayo ndege itaishia huamuliwa kwa bahati nasibu kabla ndege haijaanza kupaa, na haitegemei raundi zilizopita. Mtu anayekuuzia "programu ya kutabiri" kwenye vikundi vya mtandaoni, ati umtumie 1,500 kwanza, anakuibia. Angekuwa anajua namba inayofuata, angehitaji 1,500 yako ya nini?

Kuongeza dau mara mbili

Mbinu nyingine ni kuongeza dau kila ukiliwa: 50, 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Raundi moja ikija unarudisha zote na faida ya 50. Inaonekana safi. Lakini ukiliwa mara saba mfululizo umeshatoa 6,350, na unahitaji 6,400 nyingine kuendelea, kufuata faida ya bob 50. Kwa mtu anayetoa kwenye 2.00, kuliwa mara saba mfululizo hutokea karibu mara moja katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Kwa mchezo wenye raundi kila baada ya sekunde chache, hiyo si ajali ya nadra. Ni suala la jioni gani.

Kasi ndiyo inayokumaliza

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Asilimia 3 au 4 inasikika kama kitu kidogo, lakini haikatwi kwa pesa uliyoweka. Inakatwa kwa kila dau, na pesa ile ile inazungushwa tena na tena.

Chukua sloti yenye marejesho ya 96, dau la bob 20, na kidole kinachobonyeza mara kumi kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 600, yaani 12,000 zimepita mchezoni, hata kama uliingia na 1,000 tu. Asilimia 4 ya 12,000 ni 480. Karibu nusu ya pesa yako, kwa wastani, kwa saa moja. Leo utatoka juu, kesho chini, lakini wastani unakungoja.

Bonasi nayo iko vivyo hivyo. Ukipewa 1,000 ya "bure" kwa sharti uizungushe mara 30 kwenye sloti hiyo, utacheza 30,000, na fungu la kasino hapo ni 1,200.

Bado hatujataja kodi. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, asilimia 5 hutozwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 unapoitoa. Weka 1,000, usicheze chochote, kisha itoe: utabaki na 902.50, kabla ya gharama za kutuma. Na kama ile 1,000 ilikuwa ya mkopo wa simu, ada ya mkopo ni ya uhakika; ushindi sio.

Angalia taarifa yako

Akili hukumbuka ile siku ulipotoa 8,000. Zile 200 za kila jioni huwa imezisahau. Taarifa ya akaunti haisahau. Omba ya miezi sita, tafuta namba ya peibili ya kampuni unayobeti nayo, jumlisha zote zilizotoka kwenda kwao, kisha jumlisha zilizorudi. Toa moja kwa nyingine, andika jibu kwenye karatasi, ulinganishe na karo au kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Fanya hivyo kabla ya kuweka dau lingine, na ukitaka kufunga akaunti yako ya kamari, waandikie kampuni hiyo wakufungie siku hiyo hiyo, ukiwa bado umeishika karatasi mkononi.