Somo la Saba: Kodeki na Maktaba za Video katika Programu Huria za Katuni

Lengo la somo

Watu wengi siku hizi hutengeneza filamu za katuni kwa kompyuta za nyumbani: tangazo la duka, somo la watoto wa shule ya awali, wimbo wenye picha, au kazi waliyoagizwa na mteja. Wengi wao hutumia programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake umewekwa wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Blender, Krita, OpenToonz na Synfig Studio ni miongoni mwa programu hizo. Wala si programu duni: filamu ya Flow ya mwongozaji Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025.

Hata hivyo, mtumiaji anaweza kufanya kazi kwa wiki tatu, kisha siku ya kuikabidhi akagundua kwamba programu yake haitoi video ya MP4, au kwamba faili lililotoka halifunguki katika simu ya mteja. Katika haraka ya namna hiyo ndipo watu hununua wasichokihitaji, au hupakua kitu kinachoharibu kompyuta. Somo hili linaeleza chanzo cha tatizo hilo na jinsi ya kujikinga mapema. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya athari.

1. Kodeki na kasha

Kodeki ni utaratibu wa kubana picha na sauti wakati wa kuhifadhi, na kuzikunjua tena wakati wa kutazama. Umuhimu wake huonekana kwa hesabu ndogo. Fremu moja yenye upana wa nukta 1,920 na kimo cha nukta 1,080, ikihifadhiwa bila kubanwa kwa baiti 3 kwa kila nukta, huchukua baiti 6,220,800. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde hufikia karibu gigabaiti 9 kwa kila dakika. Faili la ukubwa huo halitumiki kwa simu, wala halichezeki vizuri katika kompyuta ya kawaida. Ndiyo maana video hubanwa.

Kodeki zinazokutwa mara nyingi ni H.264, VP9 na AV1 kwa picha, na AAC na Opus kwa sauti. MP4, MKV na WebM si kodeki. Hayo ni majina ya makasha yanayobeba picha na sauti zilizokwisha kubanwa. Kasha ni kama kikapu: jina lake halikwambii kilichomo ndani. Mafaili mawili yanaweza kuwa yote ni MP4, moja likafunguka katika runinga yako na lingine likagoma, kwa kuwa kodeki zilizomo ndani hazifanani. Kwa hiyo, mtu akikwambia “nipe MP4”, bado hajakwambia vya kutosha.

2. Maktaba, na namna tatu za kuziunganisha

Waandishi wa programu ya katuni kwa kawaida hawaandiki kodeki wenyewe. Hutumia maktaba, yaani fungu la msimbo lililoandikwa na wengine ili programu nyingi zilitumie kwa pamoja. Maktaba mashuhuri katika uwanja huu ni FFmpeg, ambayo ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Nayo FFmpeg inaweza kuunganishwa na maktaba nyingine, kama vile x264, ambayo hubana video kwa kodeki ya H.264.

Uwezo wa programu yako kutoa video hutegemea namna ilivyounganishwa na maktaba hizo. Zipo namna tatu ambazo mtumiaji anapaswa kuzifahamu.

Ya kwanza ni maktaba kuja pamoja na programu. Blender inayopakuliwa katika tovuti yake rasmi, blender.org, huja na FFmpeg yake. Mtumiaji hahitaji kuongeza kitu chochote ili kupata video ya H.264. Faida yake ni kwamba mabadiliko ya mfumo endeshi hayaigusi maktaba hiyo.

Ya pili ni programu kuazima maktaba iliyomo katika mfumo endeshi. Hali hii ni ya kawaida kwa matoleo ya Linux. Programu ileile ya Blender, ikichukuliwa katika ghala la mfumo badala ya tovuti rasmi, inaweza kuwa na uwezo tofauti. Mfumo wa Fedora, kwa mfano, huweka FFmpeg iliyopunguzwa baadhi ya kodeki kwa sababu za kisheria, na programu inayoazima maktaba hiyo hurithi upungufu wake. Aidha, maktaba hizi zina namba za toleo. Programu iliyoundwa kwa maktaba ya libavcodec namba 58 haiwezi kutumia namba 60 badala yake. Mfumo ukisasishwa na maktaba ya zamani ikaondolewa, programu inaweza kukataa kufunguka na kutoa ujumbe kwamba faili la maktaba halikupatikana. Kompyuta haijaharibika, na kazi yako haijapotea. Kinachohitajika ni toleo la programu linalolingana na mfumo wako.

Ya tatu ni programu kuiita FFmpeg kama programu nyingine iliyo pembeni. OpenToonz hufanya hivyo: katika mipangilio yake, mtumiaji huionyesha mahali FFmpeg ilipo, na bila hiyo hawezi kutoa MP4 wala WebM. Krita nayo ilimtaka mtumiaji atafute FFmpeg mwenyewe, hadi toleo la 5.2 la mwaka 2023 lilipoanza kuja nayo. Kwa hiyo, ukikosa MP4 katika programu ya aina hii, usidhani umepewa programu pungufu au kwamba yapo “malipo ya toleo kamili”. Mara nyingi kilichokosekana ni kuielekeza tu.

3. Kwa nini programu ya bure ikose kodeki?

Hapa pana mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: leseni ya programu na hataza ya uvumbuzi. Leseni huria hukupa ruhusa juu ya msimbo uliopewa. Hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya mbinu yenyewe, hata kama msimbo umeandikwa upya na mtu mwingine. Kodeki ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, ina hataza nyingi za kampuni mbalimbali, na wanaosambaza bidhaa zenye kodeki hiyo wanaweza kudaiwa ada. Ndiyo sababu baadhi ya wasambazaji wa mifumo huria huiacha nje. Kampuni ya Cisco ilitangaza mwaka 2013 kwamba ingetoa maktaba ya OpenH264 na kulipa yenyewe ada za nakala inazozisambaza.

Kwa kutafuta njia isiyo na ada, Google ilitoa VP9 mwaka 2013. Baadaye muungano wa kampuni ulioundwa mwaka 2015, Alliance for Open Media, ulitoa AV1 mwaka 2018. Kodeki hizi hupatikana kwa urahisi katika mifumo huria, lakini simu na runinga za zamani zinaweza kushindwa kuzicheza, hasa AV1. Hivyo, H.264 bado ndiyo inayofunguka mahali pengi zaidi.

Jambo moja la kuwatoa watumiaji wasiwasi: leseni ya Blender inahusu programu yenyewe. Picha na filamu unazozitengeneza kwa programu hiyo ni mali yako, nawe unaweza kuziuza bila kulipa ada wala kuomba ruhusa kwa waliounda Blender.

4. Mitego ya kuepuka

Wa kwanza ni “vifurushi vya kodeki” vinavyotangazwa katika tovuti zisizojulikana. Programu za katuni tulizozitaja hazivihitaji. Vifurushi vya namna hiyo vimetumika mara nyingi kupenyeza programu hasidi katika kompyuta za watu.

Wa pili ni kupakua faili moja la maktaba, lenye jina linaloishia na dll, kutoka tovuti inayodai kuponya kosa la Windows. Huna namna rahisi ya kujua faili hilo limetoka wapi. Njia salama ni kuiondoa programu na kuisakinisha upya kutoka tovuti yake rasmi. Tovuti rasmi ya FFmpeg, ffmpeg.org, hutoa msimbo, kisha huwaelekeza watumiaji kwa watengenezaji wa nakala zilizo tayari. Fuata maelekezo hayo, si tangazo la kwanza unalokutana nalo katika utafutaji.

Wa tatu ni kuuziwa programu ya bure kwa jina jingine. Si kosa mtu kuuza nakala ya programu huria, wala kutoza ada ya kukusakinishia au kukufundisha. Kosa ni kumficha mnunuzi ukweli. Kabla ya kulipa, uliza jina halisi la programu, na uliza kinacholipiwa: je, ni programu, ni ufundi wa kuisakinisha, au ni mafunzo? Dai risiti yenye maelezo hayo.

5. Kinga iliyo bora: picha kwanza, video baadaye

Tuchukue mfano. Filamu ya dakika moja yenye fremu 24 kwa sekunde ina fremu 1,440. Ikiwa kompyuta hutumia dakika mbili kukamilisha kila fremu, kazi nzima itachukua saa 48. Ukiiagiza programu iandike MP4 moja kwa moja, na umeme ukakatika katika saa ya 47, faili hilo huenda lisifunguke kabisa, kwa sababu aghalabu faharasa ya MP4 huandikwa mwishoni. Saa 47 zitakuwa zimepotea.

Ukiiagiza programu itoe kila fremu kama picha yake ya PNG, umeme ukikatika utapoteza fremu iliyokuwa ikishughulikiwa tu. Utaendelea kuanzia hapo. PNG haipunguzi ubora wa picha, na haihitaji kodeki yoyote ya video. Hata programu yako ikikosa H.264 leo, picha zako zitangoja salama hadi uipate, nawe unaweza kuzigeuza kuwa video ya aina nyingine bila kurudia saa hizo 48.

Picha zikishakamilika, zikusanye ndani ya programu yenyewe, au tumia FFmpeg. Katika dirisha la amri, ukiwa ndani ya folda yenye picha zilizoanza na picha_0001.png, andika:

ffmpeg -framerate 24 -i picha_%04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p tangazo.mp4

Sehemu ya yuv420p si pambo. Huhakikisha kwamba rangi zimehifadhiwa kwa namna ambayo simu na runinga nyingi huielewa. Vivyo hivyo, ukiwa ndani ya programu, jihadhari na chaguo la H.264 isiyopoteza ubora wowote. Faili lake linaweza kucheza vizuri katika kompyuta yako na kugoma katika simu ya mteja.

Kujua kodeki ambazo FFmpeg yako inaweza kuziandika, andika ffmpeg -encoders. Ukiona libx264 katika orodha, H.264 ipo. Libvpx-vp9 huonyesha VP9, na libaom-av1 au libsvtav1 huonyesha AV1.

6. Mapatano kati ya mteja na mtengenezaji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama wewe ndiye unayeagiza filamu, au ndiye unayeitengeneza, andikianeni mambo haya kabla ya malipo ya kwanza: kasha na kodeki ya picha, kodeki ya sauti, upana na kimo cha picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na chombo ambacho filamu itachezwa. Andikeni pia kama mteja atapewa mafaili ya kazi na picha za fremu, au video peke yake. Kisha mtengenezaji atoe sampuli ya sekunde tano, nayo ijaribiwe katika simu, runinga au projekta ileile itakayotumika. Sampuli hiyo hutengenezwa kwa muda mfupi, na huondoa ugomvi mwingi siku ya kukabidhiana.

Maswali ya kujipima

1. Programu yangu imetoka tovuti rasmi, ghala la mfumo, au kwa mtu mwingine?
2. Maktaba ya video imekuja nayo, inaazimwa kwenye mfumo, au huitwa kutoka pembeni?
3. Nimeshatoa sampuli fupi na kuijaribu katika chombo cha mteja?
4. Kazi ndefu naitoa kwa picha za fremu kabla ya kuifanya video?
5. Ninacholipia nakijua kwa jina lake, na nina risiti?

Ukiweza kuyajibu maswali haya matano kabla ya kuanza kazi, siku ya kuikabidhi haitakukuta ukitafuta kodeki kwa watu usiowajua.